Kikombe cha Peke Yake

Kipo kikombe kimoja kisicholala na wenzake. Vikombe vingine vya nyumba vimepinduliwa kwenye chanja, vinachuruzika maji pamoja. Hiki kimewekwa ukingoni mwa dirisha, au kimetundikwa kwenye msumari nje ya mlango wa jikoni, na mkono wake umepakwa rangi ya kucha ili mtoto asije akakosea. Kina sahani yake na kijiko chake. Mara nyingi kina kiti chake pia, kile cha plastiki kilichosogezwa kidogo kidogo kutoka sebuleni hadi ukumbini, kutoka ukumbini hadi barazani. Hakuna aliyetoa amri. Mama anaosha vyombo vyote, anakiacha hicho mpaka mwisho, anakimwagia maji ya moto, anakirudisha mahali pake, na kila mwenye macho ndani ya nyumba ile anaelewa kwamba yuko mtu anayekohoa, na kwamba kikohozi chake kimekwenda hospitali kikarudi na jina. Nimekiona kikombe hicho kwenye vyumba vya kupanga vya Temeke na kwenye nyumba za migombani Kilimanjaro. Mgeni akikaribishwa chai hukitazama akakwepesha macho, na mwenyeji akimwona amekitazama huanza kuzungumzia mvua.

Kikombe chenyewe hakina kosa. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alisimama mbele ya wenzake akawaeleza kwamba amekipata kijidudu kinacholeta kifua kikuu, na tangu hapo elimu ikazidi kupambanua njia zake mpaka ikabainika kwamba njia kuu ni hewa. Mgonjwa anapokohoa, anapoimba, anapocheka, hata anapozungumza tu, hutoka vitone visivyoonekana vikaelea chumbani kwa saa kadhaa, vikimngoja mwenye kuvuta pumzi. Upepo huvitawanya, jua huwaua wadudu waliomo. Kijiko hakiambukizi, sahani haiambukizi, wala shuka, wala mkono ulionyooshwa kusalimia. Kumbe nyumba inayotenga kikombe, kisha usiku ikafunga madirisha kwa kuogopa baridi, imefanya kinyume cha lililotakiwa: imemfukuza mtu ikaubakiza ugonjwa. Na ile iliyofungua madirisha mawili yakatazamana, ikampa mgonjwa mahali pa kulala penye hewa, ikamvalisha barakoa katika wiki zile za mwanzo, kisha ikatandika mkeka uani ili anywe chai na wenzake kwa kikombe chochote kilichokuwa karibu, hiyo imeujua ugonjwa na imemjua mtu.

Sisemi haya kwa kuwasuta wenye hofu. Hofu ya mama mwenye mtoto mchanga ni hofu ya haki, na inazidi kuwa ya haki pale kifua kikuu kinapokuwa sugu. Kile cha kawaida kina dawa zake ambazo kila zahanati inazifahamu, na miezi sita huimaliza kazi. Kifua kikuu sugu kimeshazoea makali ya rifampisini, na mara nyingi ya isoniazidi pia, dawa mbili ambazo tiba ya kawaida imeziegemea. Zikishindwa hizo, mgonjwa anaingia njia nyingine, ndefu na nzito zaidi. Na hapo mtaa huwa umeshamhukumu. “Si aliacha dawa huyo?” Ni kweli wapo waliokatiza dozi, kama walivyopo waliopewa dozi pungufu, na waliofika kituoni wakaambiwa dawa zimekwisha warudi wiki ijayo. Lakini wengi wamekivuta kikiwa sugu tayari, ndani ya daladala iliyofungwa vioo kwa mvua, kwenye kilabu cha pombe, kwenye mahabusu, kwenye foleni ya hospitali yenyewe, wala hawajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha kifua kikuu maishani mwao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu anapumua, na kupumua hakuna mwenye kukuuliza kwanza.

Wilayani Siha, kwenye miteremko ya magharibi ya Mlima Kilimanjaro, iko hospitali ya Kibong’oto. Ilianza mwaka 1926, wakati ambapo hapakuwa na dawa hata moja duniani ya kuua kijidudu kile, na tiba yote ilikuwa kitanda, hewa ya mlimani, chakula na kungoja. Mwaka 2009 ikaanza kutibu kifua kikuu sugu, na kwa miaka kadhaa ndiyo iliyobeba mzigo huo kwa Tanzania nzima, kabla huduma hazijasogezwa mikoani. Nayafikiria mabasi yaliyowaleta watu kule. Mtu anatoka pande za ziwa au pwani ya kusini, hajawahi kuiona theluji ya mlima ule ila kwenye picha za noti na kalenda, na sasa anaiona kupitia dirisha la wodi, miezi nenda miezi rudi, na hana wa kumwambia tazama. Wapo wachimbaji wa Mirerani walioingia ardhini kutafuta tanzanite wakatoka na vumbi la mawe kifuani, vumbi linaloyakwangua mapafu na kukifungulia kifua kikuu mlango. Wapo akina mama walioacha watoto kwa bibi yao wakasema nakwenda hospitali nitarudi, bila kuthubutu kutaja mwezi. Hewa ya mlimani ni njema. Usiku wake ni mrefu kwa asiyekuwa na mtu wa kumpigia simu.

Na tiba yenyewe, jinsi ilivyokuwa kwa miaka mingi, ilikuwa mtihani wa pili baada ya ugonjwa. Miezi ishirini na zaidi. Maelfu ya vidonge. Sindano kila siku kwa miezi ya mwanzo, mpaka mtu akakaa upande kwa sababu upande mwingine umevimba. Dawa hizo za sindano, kanamaisini na ndugu zake, ziliwanyang’anya wengine masikio yao, tena kimyakimya: kwanza mlio wa nyenje ndani ya kichwa, kisha sauti za watoto zinasogea mbali, kisha adhana haisikiki, kisha simu inaita hapo mezani na mwenyewe ameketi anautazama ukuta. Klofazimini huigeuza ngozi rangi ikawa nyeusi kwa namna ambayo jirani anaiona kutoka ng’ambo ya barabara, na aliyekuwa ameficha ugonjwa wake mwaka mzima anafichuliwa na uso wake. Ethionamidi huleta kichefuchefu kinachoanza kabla kidonge hakijafika mdomoni, kwa kule kukiona tu kiganjani. Linezolidi inaweza kutia ganzi na moto kwenye nyayo. Anayemwambia mtu wa namna hiyo “jitahidi umeze dawa” akaondoka zake, ametoa amri, hajatoa msaada. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Iko dawa moja ambayo hunisimamisha zaidi ya hizo zote. Sikloserini huingia kwenye ubongo, na kwa baadhi ya wagonjwa huamsha huzuni isiyo na sababu ya kuonekana, ndoto za kutisha, hofu, hata sauti za watu wasiokuwepo. Mgonjwa analia na hajui analilia nini. Familia inasema amerogwa, au kichwa kimeharibika kwa mawazo, na ni nani wa kuwaambia kwamba machozi yale yamo kwenye kidonge, kwamba yanajulikana, kwamba daktari akiambiwa mapema anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa? Historia ya ugonjwa huu inao upande wa pili wa jambo hilohilo. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliojaribiwa dawa mpya wakati huo, iproniazidi ikiwa mojawapo, walichangamka kuliko ilivyotazamiwa. Wakataka kula, wakataka kuzungumza, wodi ikafufuka. Madaktari wakaifuata alama hiyo, na dawa iliyotafutwa kwa ajili ya mapafu ikawa miongoni mwa dawa za kwanza kabisa za kutibu sonona. Pafu na nafsi zinakaa nyumba moja, na aingiaye kwa mlango wa moja amekwisha kuikanyaga sebule ya nyingine. Ndiyo maana najiuliza tulianzia wapi kuliona jambo la moyo wa mgonjwa kuwa nyongeza, kitu cha kufanywa bajeti ikibaki.

Hapa ndipo penye fumbo lenyewe. Ugonjwa huu unadai umbali, na kupona kwake kunadai ukaribu. Sisi watu wa pwani na wa bara hatuna desturi iliyo na mizizi mirefu kuliko ya kumjulia hali mgonjwa. Mtu akilazwa, wodi hujaa; wanakuja na machungwa, na chupa ya chai, na kanga ya kubadili, wanaketi kitandani wanashika mguu wake, wanamwombea, wanamsimulia habari za mtaani ambazo hakuzihitaji. Ndivyo tunavyomwambia mtu kwamba bado anahesabiwa miongoni mwetu. Kifua kikuu sugu kinaikata desturi hiyo pale pale inapohitajika zaidi. Mlangoni pa wodi kuna mstari wa kutovukwa, muuguzi amefunika pua na mdomo, macho yake peke yake ndiyo yanayosalimia. Mgonjwa anajifunza kusoma macho. Anajua lipi linaogopa na lipi linatabasamu, na hukumbuka kwa miaka mingi muuguzi aliyetabasamu.

Lakini umbali huo una kikomo, na kikomo hicho ndicho watu wengi hawakijui. Dawa sahihi zikianza kufanya kazi, uwezo wa kuambukiza hupungua upesi. Makohozi yanapelekwa maabara mwezi baada ya mwezi, na wakati unafika ambapo hayaoteshi kijidudu tena. Hapo umbali umekwisha kazi yake ya kitabibu. Kinachobaki ni ule mwingine. Wadudu wameondoka kwenye makohozi, majirani hawajarudi barazani. Mume amehamia chumba cha wavulana na hasemi atarejea lini. Mwenye nyumba ameongeza kodi ghafla, au ameikumbuka hati ya ukarabati aliyoisahau miaka mitano. Fundi cherehani anakuta wateja wamepeleka vitambaa kwa mwingine, kwa heshima zote, bila neno baya. Na yeye bado ana miezi mbele yake ya kumeza dawa zinazomtapisha, akiwa hana homa tena, hakohoi tena, na hana tena mtu wa kumwonyesha kwamba ameacha kukohoa. Huo ndio wakati wa hatari kuliko wote, wakati ambapo mtu anauliza: ninameza kwa ajili ya nani?

Swali hilo lilipata jibu moja kubwa mbali na kwetu, katika kitongoji cha Carabayllo, kaskazini mwa Lima, Peru. Kuanzia mwaka 1996, shirika la Socios En Salud, tawi la Partners In Health la akina Paul Farmer, Jim Yong Kim na Jaime Bayona, liliamua kutibu kifua kikuu sugu katika vibanda vya maskini, wakati ambapo wakubwa wengi wa afya duniani walikuwa wakisema tiba hiyo ni ghali mno kwa nchi zisizo na uwezo. Walileta dawa, na pamoja na dawa wakaleta watu. Wakazi wa mitaa hiyo hiyo walifundishwa, wakawa wanapanda vilima kila siku kumtembelea mgonjwa, kukaa naye anapomeza, kuripoti akipatwa na madhara. Familia zilipata chakula. Wauguzi walianzisha vikundi ambamo wagonjwa walikutana wakazungumza, wakasherehekea siku za kuzaliwa na siku za kupona. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kati ya wagonjwa 66 waliofikisha miezi minne ya tiba au zaidi, asilimia 83 walihesabiwa kuwa wamepona. Nani aliyewaponya, kidonge au mguu uliopanda kilima? Naona swali hilo halina haja ya kujibiwa kwa kuchagua. Kidonge kingebaki kwenye pakiti kama pasingekuwa na mguu, na mguu ungefika bure kama usingebeba kidonge.

Jibu jingine lilitolewa karibu zaidi nasi, nalo linauma kulikumbuka. Mwaka 2010, huko Kapsabet nchini Kenya, wanaume waliokuwa na kifua kikuu wakaonekana wamekatiza dawa walipelekwa gerezani kwa amri ya mahakama, wakae miezi minane wakitibiwa humo. Walikaa siku 46 kabla ya kutolewa. Kesi iliyofuata ilichukua miaka, na tarehe 24 Machi 2016, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwafungia wagonjwa gerezani namna hiyo kulivunja katiba. Naufikiria ukuta wa gereza, msongamano wake, hewa yake isiyo na pa kutokea. Mahali gani pengine kijidudu hiki kingejichagulia kama kingeruhusiwa kuchagua? Hata tukiacha hewa kando, iko hesabu inayonitatiza. Serikali iliyoweza kumlipa askari amlinde mgonjwa usiku na mchana ingeweza kumlipa mtu wa mtaani kwake amgongee mlango asubuhi aulize, umeamkaje, leo umekula? Gharama ya pili ni ndogo. Kilichopungua kilikuwa imani, ile imani kwamba mtu aliyeacha dawa ana sababu, na sababu hiyo ikiulizwa kwa upole husemeka: hana nauli, dawa zinamchoma tumbo lisilo na kitu, mwajiri amesema akikosa siku moja tena asirudi.

Tumewahi kulijua hili vizuri, katika ugonjwa mwingine. Mwaka 1987 nchini Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO, wakiwa watu ambao wengi wao walikuwa wameguswa na ukimwi majumbani mwao, wakaanza kukaa pamoja na wagonjwa, kuwasikiliza, kuwashika mikono, miaka mingi kabla dawa za kurefusha maisha hazijafika. Hawakuwa na kidonge cha kutoa. Walikuwa na uwepo wao, na ulipofika wakati wa dawa, njia ya kuzipitisha ilikuwa tayari imelimwa na vikundi vya namna hiyo, Uganda na kote Afrika Mashariki. Kifua kikuu hakikupata jeshi la namna hiyo, na nadhani naijua sababu mojawapo: kinapona. Anayeishi na virusi vya ukimwi hubaki na kadi yake maisha yote, na huko kubaki kumewafanya wajuane, waungane, waseme. Aliyepona kifua kikuu huichana kadi, huhama mtaa akiweza, hufunga mdomo, na akiulizwa husema alikuwa na nimonia. Ushahidi wake unazikwa pamoja na aibu yake. Mgonjwa mpya akiingia wodini leo, maelfu waliopita njia ile kabla yake wako mitaani wakiendesha bodaboda, wakiuza samaki, wakifundisha hesabu, na hamjui hata mmoja.

Kwa hiyo nawaheshimu sana wale waliokataa kunyamaza. Temeke, Dar es Salaam, kuna chama cha waliowahi kuugua kifua kikuu, MKUTA, ambacho wanachama wake huingia mitaani kuwatafuta wanaokohoa, kuwapeleka kupimwa, na kuwasindikiza katika dozi. Wana neno moja ambalo profesa yeyote hawezi kulisema kwa uzito uleule: mimi nilipita hapo. Aisifuye mvua imemnyea. Mtu aliyepona akiketi mbele ya mtu aliyekata tamaa, akamwambia ni dawa ipi itamtapisha wiki ya pili na kwamba wiki ya sita itakuwa nafuu, akamwonyesha mikono yake ilivyorudi kunenepa, hapo tiba imeanza upya. Wataalamu wa saikolojia na ustawi wa jamii wanahitajika, tena wengi kuliko walivyo, kwa sababu kuna huzuni inayohitaji ujuzi, na kuna pombe na dawa za kulevya zinazohitaji ujuzi pia. Hata hivyo mlango wa kwanza hufunguliwa mara nyingi na yule ambaye kifua chake mwenyewe kina kovu.

Na tusiwasahau wanaouguza. Mama mwenye miaka sitini anayebeba ndoo ya maji na kijana wake wa miaka thelathini kwa mgongo mmoja. Dada aliyeacha kibanda chake cha mamalishe kwa sababu wateja wamesikia kwake kuna mgonjwa. Muuguzi ambaye mumewe humuuliza kila jioni kama amenawa, na ambaye hana wa kumweleza kuhusu kitanda kilichokuwa na mtu jana. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure, na hilo ni jema kubwa, lakini bure ya dirishani huishia dirishani. Nauli si bure. Mayai na maharage vinavyotakiwa kuandamana na vidonge vile si bure. Siku ya kibarua iliyopotea hairudi. Shirika la Afya Duniani limeweka shabaha kwamba pasiwe na familia inayofilisiwa na ugonjwa huu, na limeihesabu gharama ya kufilisi kuwa ile inayofikia asilimia 20 ya kipato cha mwaka cha kaya. Kwa kaya inayoishi kwa kipato cha siku kwa siku, asilimia 20 ni mbuzi aliyeuzwa, ni ada ya shule, ni bati la paa. Mtoto anayeacha shule kwa sababu baba anatibiwa naye ni mgonjwa wa ugonjwa huo, ingawa hatatokea kwenye takwimu yoyote.

Habari njema zipo, na sitaki kuzipita. Mashine za vinasaba zilizoanza kupendekezwa mwaka 2010 zinaweza kuutambua usugu wa rifampisini ndani ya saa mbili, kazi ambayo zamani ilingoja wiki na miezi. Sindano zilizokula masikio zimeachwa nyuma. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya vidonge vitupu kwa miezi sita, yenye bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, kwa wagonjwa wengi waliokuwa wakihitaji mwaka na nusu au zaidi. Hii ni rehema. Wapo watakaosema sasa, kwa kuwa safari imefupishwa, mambo ya kumshika mgonjwa mkono yapunguzwe pia. Mimi naona vingine. Mwaka 2023 ulimwengu ulikadiriwa kuwa na watu wapya wapatao 400,000 wenye kifua kikuu sugu, na waliofikishwa kwenye matibabu walikuwa chini ya nusu. Hao wengine wote kidonge kizuri hakikuwafaa kitu, kwa kuwa hawakufika kilipo. Mwenye kuogopa kikombe cha peke yake haendi kupimwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, na tunasahau kuuliza ni nani aliyemfundisha kuyaficha. Tena miezi sita ni mirefu kwa mwenye njaa, na ni mirefu zaidi kwa aliyeachwa. Baada yake yako mapafu yenye makovu yasiyoweza kupanda ngazi, kazi iliyochukuliwa na mwingine, ndoa inayohitaji kuanzwa upya. Cheti cha kupona hakiyataji hayo.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Walikuwa na hekima: mdomo mchungu husema sitaki, na mwenye huruma huleta bakuli hata hivyo. Katika mambo ya uji bado nawafuata. Ila miaka mingi mno tumeichukua methali hiyo tukaipeleka mahali ambapo haikuelekezwa, tukawapangia wagonjwa wa kifua kikuu sugu kila kitu bila kuwauliza lolote: hospitali gani, muda gani, nani aambiwe, nani asiambiwe, asubuhi saa ngapi aje kumeza mbele ya macho yetu. Aulizwe. Aulizwe kama analala, na akilala anaota nini. Aulizwe kama masikio yanasikia na miguu inawaka moto. Aulizwe nani amebaki nyumbani kwake, na yupi kati ya hao angependa akae naye wakati wa dawa. Aulizwe kama ana nauli ya Jumatatu. Majibu yake yaandikwe ndani ya faili, chini ya majina ya dawa, kwa wino uleule, na yatengewe fedha kwa mamlaka ileile inayonunua vidonge. Nchi ikifanya hivyo itakuwa imeanza kutibu kifua kikuu sugu. Hadi wakati huo inagawa dawa tu.